Mchanga Huu Una Wenyewe

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi kwenye mwalo, pale mitumbwi inapofika na samaki kushushwa, ninaoishi jirani nao, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Walikuwepo wavuvi, akina mama wa dagaa, vijana wa tipa na wanafunzi wa shule mbili za msingi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimepunguza salamu tu, na pale nilipokatizwa nimepaacha palivyo.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, viongozi wa BMU, kile kikundi chetu cha kusimamia mwalo, vijana, na ninyi watoto mliokalishwa mbele ili msisinzie, habari za asubuhi. Wabeja, asanteni.

Mnanijua. Nimefundisha Jiografia mpaka chaki ikaniingia kifuani, nikastaafu, na sasa kazi yangu ni kukaa pale chini ya mwembe na kuwasumbua wapita njia kwa maswali. Nimeombwa nizungumzie hifadhi zenye fukwe. Nilipomwambia mke wangu akacheka: "Utawaambia nini watu wa mwaloni kuhusu ufukwe? Wao wanalala nao." Ni kweli. Tatizo letu liko hapo hapo.

Ukimwambia mtu wa Mwanza neno hifadhi, anaona Serengeti. Anaona simba na magari yenye paa la kufunguka. Ukimwambia hifadhi ya ufukweni, aliyesoma kidogo atakutajia Saadani, na atakuwa amepatia. Saadani, kati ya Bagamoyo na Pangani, ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini ambako pori la wanyama wakubwa linashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Ilipewa hadhi hiyo mwaka 2005. Mto Wami unaingilia baharini huko, una viboko na mamba, na kwenye ufuko wa Madete kasa hupanda usiku kutaga.

Nimefika huko mara moja tu, na walimu wenzangu, tulichanga nauli. Kasa mwenyewe hatukumwona. Tuliona alama zake asubuhi, kama mtu ameburuta gunia la dagaa kutoka majini huku akipiga kasia pande zote mbili. Kijana aliyetuongoza akatueleza mambo mawili ambayo mpaka leo sijayasahau. La kwanza, kasa jike huzunguka bahari miaka na miaka, lakini siku ya kutaga hurudi pwani ile ile alikoanguliwa. La pili, joto la mchanga ndilo linaloamua mayai yatoe majike au madume. Mchanga ukiwa na joto zaidi, majike ni wengi. Ukipoa, madume. Mchanga! Hiki hiki tunachokanyaga na kutema.

Nilirudi na basi usiku kucha nikiwaza. Huku kwetu tuna ziwa la kilomita za mraba 68,800, la kwanza kwa ukubwa Afrika, tunagawana na Uganda na Kenya, na mchanga wake hatujawahi kuupa hata jina la heshima. Tunauita mchanga wa lipu.

Basi leo nitausemea.

Watoto, mchanga huu umetoka wapi? Angalieni lile jabali pale nyuma ya duka. Mwanza tunaitwa mji wa mawe, wageni wanapiga picha Jiwe la Bismarck mpaka betri inaisha. Yale mawe ni matale, ndiyo graniti, ya zamani kuliko kitu chochote mtakachowahi kukishika, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Jua linayapasha, mvua inayapoza, yanapasuka, yanamenyeka kama kitunguu. Vinavyomenyeka vinaburutwa na maji mpaka ziwani, na ziwa linavisaga na kuvichekecha. Tope jepesi linapelekwa kilindini, chembe ngumu zinarudishwa ufukweni. Kwa hiyo kila mkishika konzi ya mchanga mnashika Mwanza yenyewe, imechoka tu.

Na mchanga hautulii. Wengine mmefika Ngorongoro, karibu na Oldupai, mkaona ule mchanga unaotembea. Ni tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, urefu wake wa kwenda juu unakaribia mita 9, limetokana na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, na upepo unalisogeza takribani mita 17 kwa mwaka. Wamechomeka vibao kuonyesha lilikuwa wapi mwaka gani. Lile linatembea kwa sababu hakuna mmea wa kulishika. Pwani wana mlakasa, ule mtambaa wenye majani kama kwato, unashona matuta ya mchanga yasiende. Sisi tuna matete na mafunjo. Ukifyeka matete ili upate pa kuegesha mitumbwi, umefungua mlango, na mawimbi hayabishi hodi.

Mama zangu wa vikoba nadhani mtanielewa haraka kuliko hawa wanafunzi. Ufukwe ni mchezo wa upatu. Wimbi la leo linachukua hapa kwa mama fulani linampa wa kule kwenye kona. Msimu upepo ukigeuka, linachukua kwenye kona linarudisha hapa. Kila mtu zamu yake inafika. Sasa aje mtu na tipa, achukue mchango wa wiki nzima, aondoke nao mpaka kwenye ujenzi. Mchezo umekufa. Na anayeambiwa amekula pesa ni wimbi.

(Hapa akina mama walicheka, na kijana mmoja wa tipa akainamisha kofia. Nikaendelea.)

Mwaka jana mwezi wa kumi, ziwa likiwa shwari, nilishuka alfajiri pale kwenye ile pembe isiyo na mitumbwi. Maji yalinifika magotini, yako wazi kama chai isiyo na maziwa. Nikaona masinia. Mashimo ya mviringo kwenye mchanga, yamepangana, kila moja upana wa sinia la pilau, kingo zimechongwa vizuri, katikati pasafi hakuna hata jani. Juu ya kila sinia yuko samaki mmoja. Nilivyosogeza mguu yule wa karibu hakukimbia, alinijia! Alinigonga kwenye ugoko akarudi nyumbani kwake.

Wavuvi mnajua nilichoona. Ni sato dume. Anachimba kwa mdomo, anabeba mchanga anautema pembeni, siku nzima, mpaka ukumbi uwe tayari. Jike anakuja, anataga, mayai yanarutubishwa, halafu jike anayafumba yote mdomoni mwake na kuondoka. Anakaa nayo karibu wiki mbili, bila kula vizuri, mpaka vifaranga vitoke, na hata vikishatoka, hatari ikija anafungua mdomo wanarudi ndani. Baba yeye anabaki kwenye sinia anatafuta mke mwingine. Msicheke sana, wapo humu.

Sasa sikilizeni, maana hapa nakiri kosa langu. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilivuta kokoro, ule wavu wa kuburuta, na baba yangu mkubwa. Tulikuwa vijana wanane, wanne kila kamba, tunavuta huku tunaimba. Kokoro linakuja linalima chini. Lilipofika nchi kavu, sato wakubwa tuliweka kwenye tenga, na waliobaki, wadogo kama ukucha, maelfu, tukawaacha mchangani wanarukaruka wanang'aa. Yangeyange na kunguru walikuwa wanatusubiri kama wageni waalikwa. Mimi niliona ni neema. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nimeburuta kamba juu ya vitanda vya uzazi. Leo kokoro ni haramu kisheria, tunalijua wote, na usiku linavutwa, tunalijua wote pia. Sitamtaja mtu. Ila nasema hivi: sato tunaomnunua sasa hivi, ukimweka kwenye sahani anazidiwa na mwiko, na mama anayempika anajua mwaka gani alikuwa anamkata vipande vinne.

Nimeombwa nizungumzie hifadhi, msidhani nimesahau.

Kuna mahali kwenye ziwa hili ambako masinia hayo hayaburutiwi kamba. Ni Rubondo. Kwa wasiofika, Rubondo ni kisiwa kikubwa na visiwa vidogo vinavyokizunguka, upande wa kusini magharibi mwa ziwa. Zamani kufika ilikuwa kazi, foleni ya kivuko Kigongo inakumaliza. Sasa mnapita darajani mpaka Busisi, mnakwenda Geita, mnashuka Nkome na kupanda boti, au mnazunguka Chato mpaka Muganza. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 457, na karibu nusu ya hizo ni maji. Watu huwa hawalioni hilo. Hifadhi si kisiwa tu. Maji yanayokizunguka nayo ni hifadhi, na kuvua humo kwa biashara ni marufuku.

Najua mnaguna. Najua wapo humu waliokimbizwa na boti za doria, na wengine wana majeraha ya moyo kwa sababu babu zao waliishi kwenye kisiwa hicho kabla hakijawa hifadhi, wakahamishwa. Sitasimama hapa kuwaambia halikuuma. Ila niwaulize wavuvi: samaki wa Rubondo ana kitambulisho? Akikua akavuka mpaka wa maji, nani anamdaka? Ni ninyi. Ile ni kama ghala ambalo mlango wake wa mbele umefungwa kwa kufuli na wa nyuma unavuja usiku na mchana kuelekea kwenye nyavu zenu.

Watoto, nyie nitawapa wanyama, nimeona mmeanza kuchora chini kwa vidole. Rubondo kuna nzohe, swala wa majini, kwato zake ndefu zimetanuka ili asizame kwenye tope la mafunjo. Kuna viboko na fisi maji. Kuna furukombe, yule ndege mweupe kichwani, sauti yake mkiisikia redioni mnajua taarifa za pori zinaanza. Na kuna sokwe. Hao si wenyeji. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, walikuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama huko, wakaachiwa Rubondo wajitafutie. Hakuna aliyewafundisha matunda gani yanaliwa. Wakajifunza, wakalala juu ya miti, wakazaa. Waliopo leo hawajui Ulaya ni nini. Waliletwa na faru weusi pia, lakini hao majangili waliwamaliza.

Mimi ninachokipenda Rubondo ni mamba, mtanisamehe. Mamba jike naye anahitaji mchanga. Anachimba shimo juu kidogo ya maji, anataga mayai 40, 50, anafukia, na anakaa jirani karibu miezi mitatu, mara nyingi bila kula. Na kwake pia joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia, kama kasa wa Saadani. Siku zikitimia watoto wanaanza kulia wakiwa bado ndani ya yai, chini ya mchanga. Mama anasikia. Anafukua, anawachukua mdomoni, kwenye meno yale yale yanayovunja mguu wa ng'ombe, anawapeleka majini mmoja mmoja bila kuwakwaruza.

Kwa hiyo ziwa letu lina mama wawili wanaobeba watoto mdomoni, sato na mamba, na wote wawili wanaanzia kwenye mchanga.

Rubondo ni mbali na ni gharama, nakubali. Lakini Saanane? Saanane unaiona ukisimama mjini! Dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yake. Kisiwa kile kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Serikali ikakichukua, mwaka 1964 ikaweka pale bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na baadhi ya wanyama walipitia pale kabla ya kupelekwa Rubondo. Mwaka 1991 likawa pori la akiba, na 2013 hifadhi ya taifa. Mzee alitoka, jina likabaki. Kila nikipeleka wanafunzi nilikuwa nawalazimisha waseme jina lake lote kabla ya kushuka kwenye boti, maana wengi walidhani Saanane ni saa nane.

Pale kuna swala pala, tumbili, mijusi wenye kichwa chekundu wanaopiga pushapu juu ya mwamba, na pimbi. Pimbi! Kinyama kama sungura aliyekosa masikio, na wataalamu wanasema ndugu yake wa karibu ni tembo. Mwanafunzi wangu mmoja alikataa katakata. Akasema, "Mwalimu, hata mimi nina ndugu tajiri, lakini tunafanana angalau pua."

Nirudi kwenye mchanga wetu hapa, jua linapanda.

Ziwa hili linapumua. Maji yake mengi yanatoka mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mengi yanarudi juu kwa jua. Mvua zikizidi linavimba, zikipungua linasinyaa. Mwaka 2006 lilirudi nyuma sana, kulikuwa na ukame na huko Jinja, Uganda, maji yalifunguliwa kwa wingi kuendesha umeme. Mnakumbuka, mitumbwi ililala kwenye tope. Mtu mmoja hapa, simtaji, aliona mchanga mpana, mzuri, hauna mtu, akajenga gesti na baa. Mwaka 2020 ziwa likapanda kufikia kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964. Mimi nilipita pale na mtumbwi. Kaunta ya baa ilikuwa imebaki juu kidogo, na kamongo mmoja alikuwa anazunguka mahali palipokuwa na meza ya pool. Jamaa alilia kwamba ziwa limemvamia. Wazee, nani alimvamia mwenzake?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mtu asifanye shughuli za kudumu wala za kuharibu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni ubabe wa maofisa. Baada ya 2006 na 2020 naona mita 60 ni chumba cha ziwa cha kujigeuzia usingizini.

(Hapa kijana wa kofia akasimama. "Mwalimu, shikamoo. Mchanga tusipopakia tutakula nini? Na nyumba yako imepigwa lipu kwa mchanga gani?" Watu walishangilia. Aliniweza.)

Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu imepigwa lipu kwa mchanga wa hapa hapa, mwaka 1994, na aliyenipakilia ni baba yako, ndiyo maana unajua. Sikatai. Tulikuwa wachache, chepe lilikuwa moja, na mkokoteni ulivutwa na ng'ombe. Leo nimehesabu kuanzia sala ya alfajiri mpaka saa tatu, tipa saba. Sikuambii uache kupakia. Nakuambia kuna machimbo ya nchi kavu yenye leseni, mbali na ufukwe, na kuna vumbi la kokoto kwenye mashine za kusaga mawe, na mawe ndicho kitu Mwanza hatutaishiwa. Tripu itakuwa ghali kidogo, na mafuta yatakula faida yako, najua. Hilo tukae na viongozi wa mtaa tulipigie hesabu na wewe ukiwepo, si kukufukuza na mgambo halafu kesho unarudi usiku. Ila ile pembe isiyo na mitumbwi, nakuomba kama baba, usiipeleke tipa.

Na mama zangu, msijifiche nyuma ya tipa. Dagaa mnaanika wapi? Mchangani. Mnafagia matete mpate uwanja, mnamwaga dagaa, jioni mnakusanya dagaa na mchanga. Mnunuzi anaweka mmoja mdomoni, anasikia krrr, anashusha bei mbele ya macho yenu. Mvua ikinyesha ghafla mzigo wote unakuwa chakula cha kuku. Kichanja cha nguzo na wavu chakavu, kimo cha kiuno, kinakausha juu na chini, na matete yanabaki. Walioanza kuanika kwenye vichanja hapa jirani hawarudi chini. Nimeshatoa nguzo nne za mikaratusi kutoka shambani kwangu, zimelala pale nyuma ya ofisi ya BMU. Anayekuja kwanza ndiye wa kwanza.

Nimezidisha muda, mwenyekiti ananiangalia.

Upepo haujaanza na maji bado yako wazi. Leo alfajiri nimepita kwenye ile pembe, masinia ni kumi na moja, na kumi yana wenyewe juu yake. Anayetaka kuona anifuate sasa hivi. Watoto mbele, viatu muache hapa, mtembee kwa kuburuta nyayo taratibu, na yule samaki akikugonga ugoko, simama. Atarudi nyumbani kwake.